Jinsi ya Kuitembelea Napoli kwa Ziara ya Kuongozwa

Mgeni anayefika Napoli, mji wa kusini mwa Italia, hahitaji mwongoza watalii ili asipotee. Wagiriki walioanzisha mji huu, yapata karne tano kabla ya Kristo, waliupimia barabara tatu ndefu zinazokwenda sambamba kutoka magharibi hadi mashariki, wakazikata kwa vichochoro vyembamba, na mpangilio huo unakanyagwa mpaka leo. Ukishazijua Via dei Tribunali na ile iliyo kusini yake, ambayo wenyeji huiita Spaccanapoli, umeushika mji wa kale, na ukichanganyikiwa unaweza tu kuteremka kuelekea baharini. Anachohitaji mgeni ni mtu wa kumweleza yaliyo nyuma ya milango na yaliyo chini ya miguu yake, kwa maana Napoli ni mji uliojengwa juu ya mji mwingine, nao huo juu ya mwingine: kanisa limekalia soko la Kirumi, nyumba ya mtu imemeza kipande cha jumba la maonyesho la kale, na chini ya vyote hivyo yamo mashimo makubwa ambamo mawe ya kujengea mji yalichimbwa. Kwa sababu hiyo ziara ya kuongozwa ipimwe kwa milango inayofungua, si kwa wingi wa vivutio vinavyotajwa kwenye tangazo.

Kabla ya kulipia chochote

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, ambayo humruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, nayo yasichelewe kupita siku 15 kabla ya kuondoka. Miongoni mwa viambatisho hutakiwa bima ya matibabu inayofidia angalau euro 30,000. Kwa kuwa viza inaweza kuchelewa au kukataliwa, usilipie ziara ambayo fedha zake hazirudishwi hadi pasipoti iwe imerudi mkononi mwako. Waandaaji wengi wa ziara za Napoli hukubali mteja afute nafasi yake hadi siku moja kabla, na ni busara kuwachagua hao hata kama bei yao imezidi kidogo.

Miezi mizuri ni Aprili hadi mwanzoni mwa Juni, kisha nusu ya pili ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba. Julai na Agosti joto hupanda kupita nyuzi 30, mawe ya barabarani huhifadhi joto hilo hadi usiku, na karibu na sikukuu ya tarehe 15 Agosti maduka na mikahawa mingi ya wenyeji hufungwa wenyewe wakienda pwani. Desemba mji hupendeza, lakini kichochoro cha San Gregorio Armeno, cha mafundi wa vinyago vya Krismasi, hujaa watu kiasi kwamba kundi la watalii haliwezi kusimama mahali pamoja na kumsikia mtu anayezungumza.

Angalia pia siku ya wiki. Kanisa dogo la Cappella Sansevero na Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, ambayo ni sehemu mbili kati ya zile zenye thamani kubwa kuliko zote mjini, hufungwa Jumanne. Makanisa mengi nayo hufunga milango mchana, kuanzia karibu saa saba hadi saa kumi, na ndiyo maana ziara nzuri ya mji wa kale huanza saa tatu au saa nne asubuhi. Ziara inayotangazwa kuanza saa nane mchana na kuahidi makanisa matano itakuonyesha milango mitano iliyofungwa.

Kuichagua ziara na kumchagua mwongozaji

Zipo ziara za aina nne ambazo mgeni atakutana nazo. Ya kwanza ni ile inayotangazwa kuwa ya bure, ambapo mwongozaji hulipwa kwa bakshishi mwishoni. Ya pili ni ya kundi dogo lililolipia mapema. Ya tatu ni ya mwongozaji binafsi aliyekodiwa na familia au marafiki. Na ya nne ni basi la ghorofa mbili lenye vipaza sauti vya lugha nyingi. Hili la mwisho liache. Basi haliwezi kuingia mji wa kale, kwa hiyo litakuzungusha pembeni mwa kitu chenyewe ulichokijia, na utaona zaidi foleni ya magari kuliko Napoli.

Ziara za bakshishi hazidharauliki. Wengi wanaoziongoza ni vijana wasomi wa historia na sanaa wanaojua kuwa kipato chao kinategemea ubora wa maneno yao, na huo ni msukumo mkubwa. Kasoro yake ni mbili: makundi yanaweza kufika watu 30, na kwa kawaida ziara hizo hubaki nje, barabarani na viwanjani, kwa kuwa kuingia mahali pa kulipia kungeharibu hesabu yake. Zitumie siku ya kwanza ili upate picha ya mji, ukijua kwamba hazijafungua mlango wowote. Watu wengi hutoa euro 10 hadi 15 kwa kila mtu mzima, na kuondoka kimyakimya bila kutoa kitu huhesabika kuwa utovu wa adabu, hata kama neno bure limeandikwa kwa herufi kubwa.

Kwa ziara yenyewe, ile ya siku ya pili, ni afadhali kulipia kundi la watu wasiozidi 15. Familia ya watu wanne au watano ifanye hesabu upya: gharama ya mwongozaji binafsi hulipwa kwa kundi zima, na ikigawanywa mara nyingi hukaribia bei ya tiketi za kundi, huku faida yake ikiwa kubwa zaidi, kwa sababu atakwenda kwa mwendo wa bibi yenu na atasimama pale mtoto anapotaka kuuliza.

Nchini Italia kazi ya kuongoza watalii inahitaji leseni, na mwaka 2023 nchi hiyo ilipitisha sheria inayoiweka kazi hiyo chini ya mtihani na orodha moja ya kitaifa. Mwongozaji halali huvaa kitambulisho chenye picha. Ukiona mtu anayekufuata nje ya kituo cha treni cha Piazza Garibaldi akikuhimiza ujiunge na ziara yake, naye hana kitambulisho hicho, mshukuru na uendelee na safari yako.

Kabla ya kulipa, mwandikie mwandaaji na umuulize mambo machache kwa maneno ya wazi: kundi lina watu wangapi kwa wingi zaidi, ni sehemu zipi tunaingia na zipi tunazipita kwa nje tu, kiingilio kimo ndani ya bei au hakimo, na je, mwongozaji anazungumza lugha moja tu au anabadilisha lugha mbili kwa zamu. Swali hili la mwisho wengi hulisahau, kisha hujikuta wakisimama bila kuelewa kitu nusu ya muda wao. Mwongozaji wa Kiswahili si rahisi kumpata, lakini ziara za Kiingereza ni nyingi kila siku, na msomaji wa Kongo au Burundi anayejisikia huru zaidi katika Kifaransa atapata za lugha hiyo pia. Kama kundi lina zaidi ya watu kumi, uliza iwapo kila mtu atapewa kifaa cha kusikilizia cha sikioni, kwa sababu kelele za Napoli zitaishinda sauti yoyote ya binadamu.

Asubuhi katika mji wa kale

Mji wa kale wa Napoli uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1995, na njia ya kawaida ya kuutembelea huanzia Piazza del Gesù Nuovo na kuelekea mashariki. Fika dakika 15 kabla, uvae viatu vyenye soli inayoshika, kwa kuwa barabara zimetandikwa mabamba ya jiwe jeusi la volkano ambayo huteleza sana mvua inaponyesha. Beba kitambaa cha kufunika mabega. Makanisa hayapendi kaptura fupi wala nguo zisizo na mikono.

Uwanjani hapo utamwona mapema mwongozaji wako ni wa aina gani. Kanisa la Gesù Nuovo lina uso wa mawe yaliyochongwa ncha kama almasi, kwa sababu lilikuwa jumba la ukoo wa Sanseverino, lililojengwa mwaka 1470, kabla Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki, hawajalinunua na kuligeuza kanisa. Kwenye mawe hayo zimo alama ndogo, na miaka ya karibuni yametokea madai kwamba ni noti za muziki zilizofichwa. Mwongozaji makini atakueleza madai hayo kisha akuambie kuwa yanabishaniwa. Asiye makini atakupa hadithi ya siri kama jambo lililothibitishwa, na kutoka hapo utajua kiasi cha chumvi cha kuondoa katika maneno yake yanayofuata. Mwombe pia akueleze habari za bomu. Katika Vita Kuu ya Pili bomu liliangukia kanisa hilo lisilipuke, na ganda lake limehifadhiwa ndani, ilhali ng'ambo ya uwanja kanisa la Santa Chiara, lililojengwa karne ya 14 na mfalme Robert wa nasaba ya Anjou, liliteketea kwa moto wa mabomu tarehe 4 Agosti 1943. Ulionalo leo limerudishwa katika umbo lake la kwanza, tupu na refu, baada ya mapambo yote ya karne zilizofuata kuungua. Kiwanja cha watawa kilicho nyuma yake, chenye nguzo na viti vilivyofunikwa vigae vya rangi ya njano, kijani na buluu vya karne ya 18, kinahitaji kiingilio chake, na ziara nyingi hukiruka. Kama yako inakiruka, rudi mwenyewe.

Ukiendelea kando ya Spaccanapoli utafika Piazza San Domenico Maggiore, ambapo msomaji wa Kiswahili anayo sababu yake ya kusimama. Palazzo Corigliano, lililo upande mmoja wa uwanja, ni la Chuo Kikuu cha Napoli kiitwacho L'Orientale, ambacho chimbuko lake ni chuo kilichoanzishwa na mmisionari Matteo Ripa mwaka 1732 kwa ajili ya vijana kutoka China. Chuo hicho kimefundisha Kiswahili kwa miongo mingi, na ndipo alipofundisha Elena Bertoncini Zúbková, mmoja wa wanazuoni wa Ulaya walioifanyia fasihi yetu ya maandishi kazi kubwa ya kuichambua. Waongozaji wachache hulitaja jambo hili kwa sababu wateja wao wengi haliwahusu. Lichokoze wewe mwenyewe; huenda mwongozaji wako alisoma hapo.

Hatua chache kutoka uwanjani iko Cappella Sansevero, na hapa ndipo ziara nyingi za bei nafuu zinapowaangusha watu. Ndani yake imo sanamu ya Kristo aliyefunikwa shela, iliyochongwa na Giuseppe Sanmartino mwaka 1753 katika kipande kimoja cha marumaru, ambapo jiwe limekuwa jembamba na laini hata mishipa ya paji la uso inaonekana kupitia kitambaa. Mwenye kanisa, mkabaila Raimondo di Sangro, alikuwa mtu wa majaribio ya kikemia, na watu walizusha kwamba aligeuza shela la kweli kuwa jiwe kwa dawa zake. Hapana; ni patasi na mkono tu. Kupiga picha kumekatazwa kabisa, chumba ni kidogo, na tiketi za siku huisha mapema sana. Tangazo linaloandika kwamba ziara "inapita" Cappella Sansevero lina maana kwamba utasimama nje ya ukuta wake. Nunua tiketi yako kwenye tovuti rasmi wiki kadhaa kabla, uchague saa itakayofuata mwisho wa ziara, na kama ni lazima kuchagua kati ya hapa na sehemu nyingine tatu, chagua hapa.

Mbele kidogo, mahali panapoitwa Largo Corpo di Napoli, amelala mzee wa marumaru mwenye ndevu, nao ni mto Nile. Enzi za Warumi mtaa huu ulikaliwa na wafanyabiashara kutoka Aleksandria, ambao walimweka hapa mungu wa mto wao. Sanamu ikapotea, ikafukuliwa karne ya 15 ikiwa haina kichwa, na kwa kuwa ilikuwa na watoto wadogo kifuani, watu wa Napoli wakadhani ni mama anayenyonyesha wanawe, ndipo wakaiita mwili wa Napoli. Kichwa chenye ndevu kiliongezwa baadaye. Mtu aliyekulia Mwanza, Kisumu au Jinja, ambako maji ya mto huo yanaanzia safari yake ndefu, atamtazama mzee huyu kwa jicho tofauti na la Mdachi aliyesimama kando yake. Ng'ambo ya barabara, kwenye mkahawa mdogo wa kahawa, kuna kijimadhabahu cha mwanasoka Diego Maradona chenye kinachosemwa kuwa ni unywele wake, na mwenye mkahawa hutarajia ununue kahawa ukitaka kupiga picha.

San Gregorio Armeno, kichochoro cha mafundi wanaotengeneza vinyago vya kuzaliwa kwa Yesu, kipite bila kukawia sana. Vitu vizuri vimo ndani ya karakana, vya barabarani vingi ni vya kiwandani. Afadhali dakika hizo uzihifadhi kwa ajili ya Pio Monte della Misericordia katika Via dei Tribunali, kanisa dogo la shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1602 na vijana saba wa tabaka la juu waliokusudia kuwasaidia maskini na wagonjwa. Mchoraji Caravaggio aliwachorea mwaka 1607 picha ya matendo saba ya huruma, yote katika kichochoro kimoja cha giza kinachofanana kabisa na vile unavyotoka kuvipita, na picha hiyo bado inaning'inia juu ya altare iliyochorewa. Mwombe mwongozaji akuonyeshe tendo moja baada ya jingine, kwa kuwa yamesokotana na jicho la peke yake halitayapata yote.

Kanisa kuu la Mtakatifu Gennaro liko karibu. Mara tatu kwa mwaka, Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya kwanza ya Mei, tarehe 19 Septemba na tarehe 16 Desemba, umati hukusanyika kusubiri damu ya mtakatifu iliyo katika chupa iyeyuke. Ukiwa mjini siku hizo, usiende na kundi. Nenda mapema peke yako, simama nyuma, na uwaache wenye imani yao wasali bila simu yako kuwazuia kuona.

Kushuka chini ya mji

Hapa ndipo mwongozaji ni wa lazima kisheria na kiusalama, kwa maana huwezi kuingia bila yeye. Napoli Sotterranea, ambayo mlango wake uko Piazza San Gaetano, huteremsha watu zaidi ya ngazi 100 hadi kina cha mita 40 hivi. Wagiriki walichimba humo jiwe laini la majivu ya volkano kwa ajili ya kuta na mahekalu yao. Warumi wakayaunganisha mashimo kuwa mfumo wa kupeleka maji. Na kwa karne nyingi kila jumba la juu lilikuwa na kisima kilichoteka humo, huku mafundi wa visima wakipanda na kushuka kwa vishimo vya kukanyagia vilivyochongwa ukutani, ambavyo bado vinaonekana. Kipindupindu cha mwaka 1884 ndicho kilichoukomesha mfumo huo. Miaka ya vita mabirika makavu yakawa maficho ya maelfu ya watu waliokimbia mabomu, na kuta zimebaki na michoro waliyoiacha.

Mtu anayeogopa mahali pa kubana aambiwe mapema kwamba kuna njia yenye upana wa nusu mita hivi, inayopitwa kwa ubavu huku kila mmoja akishika taa yake, lakini pia kwamba sehemu hiyo si ya lazima na anaweza kuwasubiri wenzake. Chukua sweta, hata kama juu ni Julai. Mwishoni kundi huingizwa katika nyumba ya chini ya kichochoro kimoja, kitanda kikasogezwa, na mfuniko sakafuni ukafunguliwa: ngazi zake zinashuka kwenye mabaki ya jumba la maonyesho la Kirumi ambamo inasimuliwa kuwa kaisari Nero aliimba.

Ziara ya pili ya chini, ambayo kwa maoni yangu inaipita ya kwanza, ni ile ya makaburi ya Mtakatifu Gennaro katika mtaa wa Sanità. Mtaa huo ulitengwa na mji tangu daraja la karne ya 19 liliporushwa juu ya paa zake, na kwa muda mrefu ulijulikana kwa umaskini na uhalifu tu. Vijana wa hapo waliunda ushirika uitwao La Paranza, wakayafungua makaburi yaliyokuwa yamesahaulika, na leo wao ndio wanaoongoza wageni. Tofauti yake husikika haraka: mwongozaji anazungumza juu ya mahali alipozaliwa, na ada unayolipa inabaki mtaani.

Msomaji wa Afrika aulize hasa habari za maaskofu waliozikwa humo. Mwaka 439 Wavandali, watu wa kabila la Kijerumani, walipoiteka Karthago, mji wa Afrika Kaskazini, askofu wake, Quodvultdeus, alifukuzwa pamoja na makasisi wake katika vyombo vibovu, wakafika Napoli wakiwa hai. Kaburi lake lina picha ya vipande vidogo vya rangi ya karne ya 5, yenye sura ya mtu mweusi kiasi aliyekonda, mwenye macho makali. Gaudiosus, askofu mwingine kutoka Afrika Kaskazini aliyekimbilia hapa, ndiye mwenye makaburi ya pili, yaliyo chini ya kanisa la Santa Maria della Sanità, na tiketi moja huingiza kote kuwili. Saa moja inatosha kwa kila sehemu, lakini usizipange zote mbili pamoja na Napoli Sotterranea siku moja, kwa kuwa baada ya saa nne chini ya ardhi akili hukataa kupokea.

Chakula, na ya kuangalia kwa mwenye masharti ya dini

Ziara za chakula ni nyingi na nyingine ni nzuri sana, ilmradi mwandaaji ameambiwa mapema nini huli. Muislamu ajue kwamba mafuta ya nguruwe yamo mahali asipoyatarajia: katika taralli, zile pete kavu za unga na pilipili manga, na mara nyingi katika sfogliatella, keki ya tabaka nyingi ambayo kila ziara huionjesha. Keki iitwayo babà huloweshwa kwa ramu. Pizza ya kukaanga ya jadi hujazwa jibini pamoja na vipande vya nguruwe. Iliyo salama zaidi ni Margherita ya nyanya, jibini na rihani, na usanii wa mafundi wanaoitengeneza uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2017. Ile inayokunjwa mara nne na kuliwa kwa mkono njiani huuzwa kwa euro chache tu. Karibu na Piazza Garibaldi yapo maduka na migahawa ya chakula halali, kwa kuwa wahamiaji wengi wanaishi upande huo.

Kahawa hunywewa kwa kusimama kaunta, nyeusi, fupi, ikitanguliwa na glasi ya maji. Ipo desturi ya zamani ya mteja kulipia vikombe viwili akanywa kimoja, cha pili akimwachia mtu asiyemjua ambaye hana fedha. Si maonyesho ya watalii, na unaweza kuifuata bila kumwambia mtu.

Alasiri, jioni na tahadhari

Quartieri Spagnoli, mtaa wa mwinuko uliopangwa karne ya 16 kwa ajili ya askari wa Hispania, unaweza kuutembea mwenyewe mchana. Wengi huenda kuona picha ya Maradona iliyochorwa ukutani na Mario Filardi mwaka 1990, mwaka ambao klabu ya Napoli ilichukua ubingwa wake wa pili; wa kwanza ulikuwa wa 1987. Ubingwa wa tatu ulisubiriwa hadi 2023, nao uliletwa kwa sehemu kubwa na Mnijeria Victor Osimhen, aliyeongoza ligi kwa mabao 26, kisha wa nne ukafuata 2025. Mtu akijua umetoka Afrika, mazungumzo yataanzia kwa Osimhen au kwa Msenegali Kalidou Koulibaly, na hapo utapata mwongozaji wa bure aliye bora kuliko wote.

Hofu ya Napoli inayoenezwa imezidi ukweli, ila vibaka wapo. Simu isikae mfuko wa nyuma, na mkoba uvaliwe upande wa ukuta, si wa barabara, kwa sababu pikipiki hupita vichochoroni kama bodaboda za Kariakoo jioni, na nyingine hubeba zaidi ya abiria wawili. Ukivuka barabara, tembea kwa mwendo ule ule bila kusita. Madereva hukadiria hatua zako, na anayesimama ghafla katikati ndiye anayehatarisha watu.

Kabla jua halijazama, panda treni ya kebo hadi Vomero, mtaa ulio juu ya kilima, kwenye ngome ya Sant'Elmo na nyumba ya watawa ya San Martino. Kutoka huko Spaccanapoli inaonekana kama mstari uliochanwa moja kwa moja katikati ya paa, na nyuma yake mlima Vesuvio wenye mita 1,281, uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1944. Ukipita kituo cha Toledo cha treni ya chini ya ardhi, kilichofunguliwa mwaka 2012, usiharakishe kutoka. Kuta zake za buluu zinazoelekea chini karibu mita 50 ni sehemu ya matembezi.

Kuhusu Pompei, mji wa Kirumi uliofukiwa na Vesuvio, kataa ziara yoyote inayoiunganisha na Napoli katika siku moja. Basi litakula saa mbili au tatu, Pompei ikapata mbili, na Napoli ikabaki picha ya kanisa moja na pizza ya haraka. Itengee siku yake, uende kwa treni ya asubuhi hadi kituo cha Pompei Scavi, na umkodi huko mwongozaji mwenye leseni. Alasiri ya siku itakayofuata nenda Makumbusho ya Akiolojia, ambako ndiko vilikohamishiwa picha za ukutani, sanamu na vyombo vilivyotolewa katika nyumba ulizozikuta tupu.